Utafiti unasaidiaje sera ya mabadiliko ya tabianchi Tanzania? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanajirudia kwenye mikutano ya vijiji, vikao vya halmashauri, madarasa ya vyuo na vipindi vya redio. Mengine huulizwa kwa hasira, na wanaouliza hivyo wana sababu. Kila jibu linajitegemea. Penye jambo lililokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye namba ya swali lake.

## Mambo ya msingi

1. Hali ya hewa na tabianchi, si kitu kimoja?

Hapana. Hali ya hewa ni mvua ya leo mchana au upepo wa kesho. Tabianchi ni mwenendo wa hali hiyo kwa miaka mingi, na kwa kawaida wanasayansi huchukua wastani wa miaka 30. Wastani unaotumika sasa ni wa 1991 hadi 2020. Masika moja mbaya haitoshi kusema tabianchi imebadilika, na masika moja nzuri haifuti mabadiliko yaliyokwisha kupimwa.

2. Wazee wanasema mvua zimebadilika, na kila mtu anaona. Utafiti wa nini tena?

Wazee wako sahihi mara nyingi. Tatizo ni kwamba bajeti haiandikwi kwa neno "zimebadilika". Mhandisi anayechora kalvati anataka kujua ni milimita ngapi zinaweza kunyesha kwa siku moja, na kwa uwezekano gani. Akikosa tarakimu atatumia za zamani, na kalvati litasombwa. Wizara ya Kilimo nayo, ikitaka kuagiza mbegu za muda mfupi, lazima ijue mvua zinachelewa kuanza kwa siku ngapi na katika wilaya zipi.

Tarakimu hizo zinaanzia mahali padogo sana. Kila siku saa tatu asubuhi, kwenye kituo cha hali ya hewa, mtu anakwenda kwenye kipimamvua, anatoa chupa iliyo ndani, anamimina maji kwenye silinda ya kioo yenye mistari, anainama mpaka jicho liwe sawasawa na usawa wa maji, anasoma, anaandika. Isiponyesha anaandika sifuri. Sifuri hiyo ina thamani kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu isipoandikwa, miaka 30 baadaye hakuna atakayejua kama siku ile ilikuwa kavu au mpimaji hakufika kazini.

3. Nani hasa anafanya utafiti huu hapa nchini?

Si taasisi moja. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), inayofanya kazi chini ya sheria yake ya mwaka 2019, inapima na kutabiri. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, ndicho mwenyeji wa Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni, na ndiko kwenye wataalamu wengi wa misitu na udongo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kituo cha masomo ya mabadiliko ya tabianchi, pamoja na Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar. Kuna pia taasisi za utafiti za kila sekta: TARI inashughulikia mazao, TaCRI ya Lyamungu inashughulikia kahawa, TAFIRI samaki na NIMR magonjwa ya binadamu.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu husahaulika, lakini sensa na tafiti zake za kaya ndizo zinazotuambia nani anapikia kuni, nani anapikia mkaa na nani ana maji ya bomba. Bila hizo, ramani ya mafuriko inaonyesha maji tu, haionyeshi watu.

4. IPCC inayotajwa kila mara kwenye habari ni nini? Je, ndiyo inayotupangia sera?

Ni jopo la kimataifa la wanasayansi wa mabadiliko ya tabianchi, lililoundwa 1988 na Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Halifanyi utafiti wake lenyewe. Linasoma maelfu ya tafiti zilizochapishwa, linapima zina uzito gani, kisha linatoa ripoti. Haliamrishi nchi yoyote.

Watanzania wamo ndani yake. Profesa Pius Yanda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amekuwa miongoni mwa waandishi wake, na Julai 2023, katika kikao kilichofanyika Nairobi, Dkt. Ladislaus Chang'a wa TMA alichaguliwa kuwa mmoja wa makamu wenyeviti watatu. Uwepo huo una faida ya moja kwa moja, maana jopo linasoma kilichochapishwa tu. Utafiti wa Iringa uliobaki kwenye kabati la chuo hauwezi kuingia kwenye ripoti hata kama ni mzuri kiasi gani.

5. Hiyo "sera ya tabianchi" imeandikwa wapi?

Hakuna kitabu kimoja chenye jina hilo. Tanzania haina sheria ya peke yake ya tabianchi kama Kenya, iliyotunga ya kwake 2016. Hapa msingi ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, Sera ya Taifa ya Mazingira ya 2021, Mkakati wa Taifa wa Kukabiliana na Mabadiliko ya Tabianchi wa 2021 hadi 2026, na ahadi ya nchi chini ya Makubaliano ya Paris, mkataba wa kimataifa wa tabianchi, ambayo Tanzania iliyaridhia 2018. Mratibu wa yote ni Ofisi ya Makamu wa Rais.

Ukitaka kuona sera inayomgusa mtu, usiishie hapo. Angalia miongozo ya wizara za kilimo, maji, nishati na afya, kisha bajeti ya halmashauri yako. Fedha zinapopangwa ndipo sera inapoonekana.

6. Na Zanzibar?

Mazingira si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya mazingira ya 2015 na mkakati wake wa tabianchi wa 2014. Ila mbele ya Umoja wa Mataifa ahadi ni moja, ya Jamhuri ya Muungano, kwa hiyo takwimu za pande mbili lazima zipimwe kwa njia zinazolingana. Jambo hili linachosha na lina vikao vingi, lakini ni la lazima.

## Kutoka kwenye kipimo hadi kwenye uamuzi

7. Matokeo ya utafiti yanafikaje mezani kwa waziri?

Kwa njia tatu kubwa, na ile watu wanayoidhania kuwa ndiyo kuu ni dhaifu kuliko zote. Njia hiyo dhaifu ni makala ya kitaaluma. Makala inaandikwa kwa Kiingereza, ina kurasa 20, na ofisa anayeandika rasimu ya bajeti hana muda nayo.

Njia ya pili ni ripoti ambazo nchi inadaiwa: taarifa za kitaifa kwa Umoja wa Mataifa, hesabu ya gesijoto (yaani gesi zinazoongeza joto la dunia), mapitio ya ahadi ya taifa. Wataalamu wa vyuo huitwa kuziandika, na tarakimu zao zinaingia moja kwa moja. Ya tatu ni mtu, yaani mtafiti anayeaminika na wizara kiasi kwamba mkurugenzi anampigia simu kabla ya kikao. Kwa maoni yangu hii ndiyo inayofanya kazi kuliko zote, na ndiyo hatari kuliko zote, kwa sababu mtu huyo akistaafu simu hailii tena.

Kuna jambo la kalenda pia. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Mapendekezo yanayoletwa Mei, hata yawe mazuri vipi, yanakuta fedha zimeshagawanywa.

8. Ile ahadi ya kupunguza asilimia 30 hadi 35 ilitoka wapi? Tunapunguza kutoka kiasi gani?

Swali hili lina mtego. Ahadi iliyowasilishwa 2021 inasema Tanzania itapunguza uzalishaji wa gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030. Wengi husikia kwamba tutashuka chini ya kiwango cha leo. Sivyo. Watafiti walikadiria nchi ingezalisha kiasi gani mwaka 2030 kama mambo yangeendelea hivi hivi, idadi ya watu ikikua na misitu ikikatwa kwa kasi ileile. Asilimia inatolewa kwenye makadirio hayo, na ni sawa na tani milioni 138 hadi 153 hivi za hewa ukaa.

Ukilielewa hilo, utaona kwa nini utafiti ndio roho ya ahadi yenyewe. Makadirio ya mwanzo yakiwa juu mno, tutaonekana tumetimiza bila kufanya kazi. Yakiwa chini mno, tutajifunga kamba tusiyoweza kuivuta. Sehemu kubwa ya utekelezaji inategemea msaada wa nje, na hapo pia anayetoa fedha ataomba kuona vipimo.

9. Mtu anapimaje hewa ukaa iliyo ndani ya msitu?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake lina jasho.

Mti huihifadhi hewa ukaa kama kaboni, na kaboni ni takribani nusu ya uzito wake mkavu. Kwa hiyo kazi ni kuupima mti uzito, na huwezi kuuweka mti uliosimama kwenye mizani. Watafiti wa SUA walikwenda kwenye miombo, wakachagua miti ya ukubwa tofauti, wakapima kipenyo chake kwa utepe kwenye urefu wa kifua, kisha wakaikata. Shina lilipasuliwa magogo, matawi yakafungwa mafungu, kila fungu likatundikwa kwenye mizani palepale porini. Kisha wakachimba mizizi, nayo ndiyo kazi inayovunja mgongo, maana mzizi wa miombo unapita chini ya mawe na hukatika usipotaka ukatike. Vipande vidogo vilipelekwa maabara kukaushwa kwenye joto mpaka vikaacha kupungua uzito.

Kutokana na hayo wakapata kanuni: ukijua kipenyo, unaweza kukadiria uzito wa mti bila kuukata. Kanuni hizo zikaunganishwa na vipimo vya NAFORMA, tathmini kubwa ya misitu ya Tanzania Bara ambayo matokeo yake yalitoka 2015. Timu zake zilipita kwenye maelfu kwa maelfu ya viwanja vya sampuli nchi nzima. Ndipo tukajua tuna hekta milioni 48.1 za misitu, yaani zaidi ya nusu ya ardhi.

Kabla ya hapo nchi ilitumia vipimo vya jumla vya kimataifa, vilivyotengenezwa kwa wastani wa misitu ya sehemu nyingine. Ni sawa na kushonewa suti kwa vipimo vya jirani.

10. Mbona tarakimu za ukataji wa misitu hazilingani? Mara hekta 372,000 kwa mwaka, mara 469,000.

Zote ni za kweli kwa namna zilivyopimwa. Ya kwanza ilitoka NAFORMA. Ya pili ilitumika kwenye kiwango rejea cha misitu, yaani kipimo cha kulinganishia, ambacho Tanzania ilikiwasilisha Umoja wa Mataifa, kwa picha za satelaiti za 2002 hadi 2013. Kipindi tofauti, njia tofauti. Ukiona tarakimu yoyote, uliza imepimwa kati ya mwaka gani na gani, kwa njia gani, na Zanzibar imo au haimo. Mwandishi wa habari asiyetaja hayo anawapa watu silaha ya kusema "hata wataalamu hawajui".

11. Nipe mfano mmoja ambapo utafiti ulibadilisha maisha ya watu.

Nitatoa miwili, na wa kwanza unastahili nafasi.

Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani. Wakulima wengi ni wanawake. Wakati wa bamvua, maji yakitoka, wanashuka pwani, wanasimika vigingi mchangani, wanavuta kamba kati yake na kufunga vipande vya mwani kimoja kimoja. Kuna mwani mwembamba, yaani spinosamu, na mwani mnene, yaani kotonii, ambao bei yake ni nzuri zaidi. Kuanzia miaka ya 2000 mwani mnene ukaanza kufa. Ncha zinageuka nyeupe, zinalainika, zinakatika, na asubuhi unakuta kamba tupu.

Dkt. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari na wenzake walifuatilia jambo hili pamoja na wakulima wenyewe. Maji ya kina kifupi yalikuwa yakipata joto kuliko mwani mnene unavyoweza kuvumilia, na mmea ukishachoka, magonjwa yanaupata kirahisi. Dawa iliyopendekezwa ni kulima kwenye kina kirefu, kwenye maji yenye ubaridi, kwa kutumia nyavu zenye umbo la bomba. Hapo likaibuka tatizo ambalo kipimajoto hakilioni: wengi wa wanawake hawakuwa wanajua kuogelea, wala hawakuwa na boti. Kwa hiyo mafunzo ya kuogelea na vyombo vya baharini vikawa sehemu ya mjadala wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi. Leo mwani ni nguzo mojawapo ya uchumi wa buluu, yaani wa bahari, wa Zanzibar.

Wa pili ni Ziwa Tanganyika. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba ziwa linapopata joto, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki vizuri, na rutuba iliyo kilindini haipandi juu. Walikadiria uzalishaji wa chakula cha msingi ziwani umeshuka kwa asilimia 20 hivi, jambo linaloweza kupunguza samaki kwa asilimia 30. Ukijumlisha na uvuvi uliozidi, mvuvi wa Kigoma anayetafuta dagaa na migebuka anabanwa pande mbili. Mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, uvuvi ulisimamishwa ili samaki wazaliane. Uamuzi ule uliwaumiza watu, na hakuna haja ya kuficha. Utafiti ulitoa sababu ya kufunga ziwa, lakini haukutoa chakula cha miezi mitatu.

## Wananchi na watafiti

12. Utabiri ulisema mvua zitakuwa juu ya wastani. Kwetu hazikunyesha. Nimwamini nani?

Utabiri wa msimu ni wa uwezekano, na ni wa eneo kubwa. "Juu ya wastani" maana yake ni kwamba nafasi ya kupata mvua nyingi kuliko kawaida ni kubwa kuliko nafasi nyingine. Haisemi kila kijiji kitapata, wala haisemi zitaanza lini shambani kwako. Tumia utabiri wa msimu kuchagua mbegu na eneo la kulima, kisha utumie utabiri wa siku kumi kuamua siku ya kupanda.

13. Elimu ya asili ina nafasi gani katika mambo haya?

Kubwa kuliko inayopewa. Lushoto, watafiti wa SUA na TMA walikaa na wakulima wanaosoma dalili za asili, kama kuchanua kwa miti na mienendo ya ndege na wadudu, wakalinganisha na utabiri wa kitaalamu na kutoa utabiri mmoja wa pamoja kwa wilaya. Kenya walifanya kazi ya aina hiyo na ukoo wa Nganyi, watabiri wa mvua wa Bunyore.

Shinyanga kuna ushahidi mzito zaidi. Wasukuma walikuwa na ngitili, maeneo ya malisho yanayofungwa wakati wa masika ili mifugo ile wakati wa kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986, ulifufua desturi hiyo, na hekta zisizopungua 300,000 zikarudi kuwa na miti. Tathmini ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikadiria faida ya ngitili kuwa dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya mtu wa kijijini yalikuwa dola 8.50. Zingatia mpangilio: wenyeji walijua kwanza, watafiti wakaja kuweka bei, na ile bei ndiyo iliyowafanya wakubwa wasikilize.

14. Watafiti wanakuja, wanatuuliza maswali saa mbili, wanaondoka, hatuwaoni tena. Tufanye nini?

Malalamiko haya ni ya haki. Nimekaa kwenye baraza la kijiji ambako mama mmoja alisimama akasema, "Mimi nimehojiwa mara nne kuhusu kisima kilekile. Kisima bado kimekauka." Aliyekuwa akihoji hakuwa na jibu, nami sikuwa nalo.

Mna haki ya kuuliza kabla ya kujibu. Ombeni kuona kibali cha utafiti. Kwa mtafiti kutoka nje ya nchi kibali hicho hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, na barua ya utambulisho hupitia mkoa na wilaya. Ulizeni matokeo yatarudi lini, kwa lugha gani na kwa nani. Serikali ya kijiji iandike majibu kwenye muhtasari wa kikao, kwa jina la taasisi na tarehe. Mtafiti akitaka kuwahoji, mna hiari ya kukataa.

15. Mimi ni diwani. Nautumiaje utafiti kwenye kata yangu?

Anza na jambo moja linaloumiza kata, si na "tabianchi" kwa ujumla. Kama ni mafuriko, omba ramani. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe kuchora mitaro, njia na nyumba katika mitaa inayofurika. Mkazi alionyesha kwa mkono maji yalifika wapi ukutani, na alama ile ikaingia kwenye ramani. Ramani za namna hii zina nguvu katika kikao cha bajeti kuliko hotuba.

Kama ni malisho au maji, mfano mzuri ni Longido, Monduli na Ngorongoro, ambako jamii zilichora rasilimali zao na kuchagua miradi yao ya kuhimili ukame kupitia mfuko uliofika wilayani. Kuhusu kalenda ya bajeti, tazama swali la 7.

## Penye mashaka na mabishano

16. Walisema barafu ya Kilimanjaro itakuwa imekwisha 2020. Bado ipo. Walidanganya?

Hawakudanganya. Walikadiria, na makadirio ya tarehe hayakutimia. Utafiti wa 2002 ulisema barafu ingeweza kutoweka kati ya 2015 na 2020. Kipimo chenyewe, ambacho ni kitu tofauti na makadirio, kimesimama: kati ya 1912 na 2011 zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu lilikuwa limepotea.

Mabishano ya kweli yalihusu chanzo. Wapo walioonyesha kwamba barafu ya kilele cha Kibo inapungua zaidi kwa sababu hewa imekuwa kavu na theluji mpya ni chache, kuliko kwa kuyeyushwa na joto peke yake. Wengine wakaonyesha kwamba moto umeteketeza misitu ya juu inayonasa maji ya ukungu. Kwa mkulima wa Hai anayetegemea mifereji, hoja hiyo ya mwisho ina uzito kuliko barafu yenyewe. Barafu hatuwezi kuirudisha, lakini moto tunaweza kuuzuia.

17. Kuna jambo ambalo sayansi bado haijalitatua?

Lipo, tena linatuhusu sana. Kwa miongo kadhaa vipimo vya Afrika Mashariki vilionyesha mvua za masika zikipungua, huku mifumo mingi ya kompyuta ikisema zitaongezeka siku zijazo. Wanasayansi wanaliita kitendawili cha tabianchi cha Afrika Mashariki, na bado wanakihangaikia. Kwa mpanga sera, hii ina maana asiweke mayai yote kwenye hali moja. Bwawa lijengwe kwa kufikiria miaka ya ukame na miaka ya gharika.

18. Mafuriko ya juzi yaliletwa na mabadiliko ya tabianchi?

Kwa tukio moja, swali sahihi ni kama mabadiliko ya tabianchi yaliliongezea nguvu, na kwa kiasi gani. Watafiti wa kimataifa wanaofanya kazi hiyo walichunguza mvua za masika za 2024 zilizoipiga Kenya, Tanzania na Burundi. Wakakadiria kwamba zilikuwa nzito kwa takribani asilimia 5 zaidi, tena wakasema kwa tahadhari, na wakasisitiza kuwa ujenzi mabondeni na miji kukua bila mpango vilizidisha maafa. Kwa ukame wa Pembe ya Afrika ulioanza mwishoni mwa 2020, jibu lao lilikuwa kali zaidi: joto liliufanya uwezekano wake kuwa mkubwa kwa mara 100 hivi.

Tope la Mlima Hanang' lililoifunika Katesh Desemba 3, 2023 na kuua watu zaidi ya 80 linafundisha jambo lingine. TMA ilikuwa imetabiri vuli ya juu ya wastani tangu Agosti. Utabiri wa mvua, hata uwe sahihi, hausemi ni mteremko gani utaporomoka. Hilo ni swali la wajiolojia na la ramani za hatari.

19. Afrika inachangia chini ya asilimia 4 ya gesijoto duniani. Kwa nini tujisumbue?

Kwa sababu utafiti mwingi unaohitajika hapa unahusu kuhimili mabadiliko, si kupunguza gesijoto. Chukua kahawa. Utafiti uliochapishwa 2015, uliotumia takwimu za Tanzania tangu miaka ya 1960, ulionyesha kwamba kila joto la usiku likipanda kwa nyuzi 1, mavuno ya arabika yanashuka kwa kilo 137 hivi kwa hekta. Ni joto la usiku, ambalo mkulima amelala halioni. Kumwambia wa Moshi kwamba kosa ni la viwanda vya Ulaya ni kweli, lakini hakumpi kivuli wala mche mpya.

20. Nani analipia utafiti huu, na je, mwenye fedha hachagui maswali?

Anachagua, na tuseme wazi. Ripoti ya IPCC ya 2022 ilieleza kwamba kati ya 1990 na 2019 utafiti kuhusu Afrika ulipata asilimia 3.8 tu ya fedha za utafiti wa tabianchi duniani. Katika hizo, asilimia 78 zilikwenda kwa taasisi za Ulaya na Marekani Kaskazini, na asilimia 14.5 tu kwa taasisi za Afrika. Ndiyo maana kaboni ya misitu yetu imepimwa vizuri, wakati mihogo, mtama na afya ya wajawazito kwenye joto kali havijapata uangalizi unaolingana na uzito wake kwetu. Nchi za Umoja wa Afrika ziliahidi kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Kila bajeti inapokuja, tarakimu hiyo ndiyo ya kuwauliza wabunge.

21. Kampuni imekuja kijijini kununua kaboni, yaani kutulipa ili msitu usikatwe na hewa ukaa ibaki ndani yake. Tusaini?

Msisaini siku hiyo. Kanuni za biashara ya kaboni zilitolewa 2022, na mradi lazima upitie kwenye usajili wa serikali na Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kilichopo SUA. Ulizeni mambo manne: mkataba ni wa miaka mingapi, kijiji kinapata asilimia ngapi na ya kiasi gani, nani anapima msitu, na mtazuiwa kufanya nini. Wapo walionufaika, kama Wahadzabe na Wadatoga wa Bonde la Yaeda na vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, Katavi. Nendeni mkaonane nao kabla ya kuamua. Namna msitu unavyopimwa imeelezwa kwenye swali la 9.

22. Baba aliacha daftari la mvua, aliandika miaka mingi. Lina faida yoyote?

Linaweza kuwa na faida kubwa, hasa kama mnakaa mbali na kituo cha hali ya hewa. Vituo ni vichache, na daftari la misheni, la shamba la mkonge au la mwalimu mstaafu linaweza kujaza pengo la miaka.

Usilisahihishe. Palipoandikwa kitu cha ajabu, paache hivyo hivyo. Andika pembeni, kwenye karatasi nyingine, kipimamvua kilisimama wapi, kama kuna mti ulioota karibu nacho baadaye, na kama aliandika kwa inchi au kwa milimita. Piga picha kila ukurasa kwenye mwanga wa mchana, kurasa tupu pia. Kisha peleka nakala ofisi ya TMA iliyo karibu au kwa ofisa kilimo wa wilaya, na daftari lenyewe libaki nyumbani, mahali pakavu pasipo na mchwa.